Daftari la Vyura

Chura mkubwa alikuwa shilingi. Mdogo, thumni. Aliyevunjika mguu hakuwa na bei. Huyo alirudi dimbwini na sisi tukaendelea kutafuta. Hizo ndizo bei za Mishomoroni mwaka wa 1987, na nazikumbuka kwa sababu muuzaji mkuu nilikuwa mimi: mtoto wa miaka 12, tochi ya betri mbili mkononi, debe la mafuta ya kupikia ubavuni, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari ili bidhaa ipumue.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye alilala chumba cha tatu mkono wa kushoto, ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Nyumba ilikuwa ya Bibi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati, baraza mbele, ua nyuma wenye kisima na choo. Bibi alikuwa mtu wa Mji wa Kale. Kodi ya kisiwani ilipomshinda alivuka akajenga juu ya shamba la mtu. Anayeijua Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi: nyumba yetu, ardhi si yetu. Kila mwisho wa mwezi kijana wa mwenye shamba alikuja na kitabu cha risiti, akakaa barazani, akanywa chai, akachukua kodi ya ardhi, akaenda nyumba ya pili. Bibi naye akapangisha vyumba ili apate cha kumpa.

Mishomoroni ya siku hizo ilikuwa na minazi mingi kuliko mabati. Njia zilikuwa za mchanga, stima haikuwa imetufikia, na usiku tulikuwa tukisimama juu ya mteremko tukitazama taa za kisiwa ng'ambo ya hori la Tudor, kama watu wanaotazama karamu ya jirani. Maji yakitoka, harufu ya matope ya mikoko ilipanda mpaka vyumbani. Nyuma yetu palikuwa na mangwe, na jioni adhana ya magharibi na vicheko vya wanywaji wa mnazi viliingia kwa dirisha moja bila kugombana.

Karibu na mangwe ndipo palipokuwa na shimo. Kila nyumba ya udongo ya mtaa ule ilitoka mle: watu walichimba, wakakanyaga, wakakandika kuta zao, na shimo likazidi kupanuka. Mvua za mwaka zikianza, Aprili na Mei, shimo lilijaa likawa ziwa letu. Na usiku wa pili au wa tatu wa mvua, vyura walianza. Mgeni hangeweza kulala. Sauti zilianza moja moja, kama watu wanaoitana msikitini kupanga safu, kisha zikaungana, kisha hukusikia tena mvua yenyewe.

Wako wa aina nyingi, na Mwalimu, yule mnunuzi wetu, hakuwataka wote. Wale wadogo wa majani ya mgomba, wanaotaga katika povu jeupe linaloning'inia juu ya maji, aliwakataa. Wale wembamba warukao mbali aliwakataa. Alimtaka yule mnene, mwenye ngozi ya vipele, anayekaa chini ya mtungi wa choo kama mwenye nyumba. Huyo nyuma ya macho ana vifuko viwili, na ukimbana sana hutoa maziwa meupe; ukijifuta jicho kwa mkono huo utalia mpaka asubuhi. Watoto wenzangu waliamini kwamba akikukojolea utaota chunjua. Alinikojolea mara zisizo na idadi. Chunjua niliota moja, kwenye goti, ambako hakunigusa.

Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula na suruali mbili za kijivu. Alifundisha biolojia katika sekondari moja ya kisiwani, kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wake walikuwa wakijitayarisha kwa KACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, ambao sehemu yake ilikuwa kupasua mnyama na kumchora. Wanyama hao shule ilipaswa kujitafutia. Ndipo akatugeukia sisi. Kwake yeye tulikuwa "vijana wangu wa utafiti". Sisi, nyuma ya mgongo wake, tulimwita Mwalimu Chura.

Kila aliyempokea alimwandika. Alikuwa na daftari la jalada gumu, jekundu kingoni, na ndani amepiga mistari kwa rula: tarehe, dume au jike, jina la mwanafunzi, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, ina kichwa "Alichofundisha". Nilidhani kwanza maana yake ni alichofundisha Mwalimu siku ile. Nilipomuuliza alicheka. "La. Alichofundisha huyu," akanyooshea debe kidole.

*

Biashara ilifichuliwa katika chuo cha Kurani. Nilikuwa nimepitiliza na debe moja kwa moja kwa Maalim, nikaliweka nyuma ya mlango pamoja na viatu, na tulipokuwa katikati ya kusoma, sote kwa sauti moja, mmoja wa mle debeni akaitikia. Darasa zima lilinyamaza. Akaitikia tena.

Maalim hakunipiga. Alifunua debe, akatazama, akafunika. Aliniuliza wanakwenda wapi, nikamwambia. Alikaa akishika ndevu zake muda mrefu, kisha akatusimulia hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud: kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu chura kutiwa katika dawa, naye Mtume akamkataza kumuua. Hakuongeza neno. Alinirudishia debe mkononi, akaendelea na aya tulipoachia.

Nimesoma mengi tangu siku ile juu ya wanyama na dawa, katika vitabu vinene, na bado huwa narudi kwenye kisa hicho kifupi: tabibu, chura, dawa, na katazo, vyote katika sentensi mbili. Wakati huo lakini nilikuwa na hesabu nyingine. Debeni mlikuwa na shilingi nne na thumni.

Jioni nilimweleza Bibi, nikitaraji atasema Maalim ni mtu wa zamani. Bibi alijifunga leso vizuri akatoka barazani, alikokuwa Mwalimu akisahihisha kazi kwa chemni.

"Mwalimu, hivi vyura wawafanyani?"

"Tunasoma kwao, Mama. Vile viungo vilivyopangika."

"Mtoto amerudi na neno la Maalim kwamba chura hauawi kwa dawa."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa kubishana na dini ya watu, na nadhani alitafuta mlango wa pembeni, maana alianza kusimulia jambo ambalo liliwaleta wanawake wote wa nyumba barazani. Alisema kwamba huko Afrika Kusini yuko chura wa majini, mwenye kucha miguuni, na kwamba katika miaka ya 1930 wataalamu waligundua kuwa ukichukua mkojo wa mwanamke mwenye mimba ukamdunga chura jike, chura huyo hutaga mayai kabla siku haijaisha. Asipokuwa na mimba, chura hatagi. Aliyeanzisha alikuwa Mwingereza aitwaye Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town. Vyura wakafungwa mizigo wakapelekwa Ulaya na Marekani, wakafugwa hospitalini, na kwa miaka mingi mwanamke wa London aliyetaka kujua hali yake alipata jibu kwa chura wa Afrika. Na jamaa wa chura huyo, Mwalimu akaongeza, anaishi papa hapa Kenya, kwenye madimbwi ya nyanda za juu.

Mpangaji wa chumba cha pili alicheka mpaka akakaa chini. Shangazi alitaka kujua kama chura anatofautisha wa kike na wa kiume. Bibi peke yake hakucheka. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake.

"Yote hayo kwa kujua mimba?" alisema. "Mimi humjua mtu kwa macho yake na anavyopanda ngazi. Hao wakunga wa Ulaya wote walikuwa wamekufa?"

"Daktari alitaka uhakika, Mama."

"Uhakika," Bibi alilirudia neno kama anayeonja chumvi. Kisha akatoa hukumu. "Maalim amesema la dini. Wewe umesema la skuli. Mimi nasema la nyumba: chura asilale ndani."

Tangu siku hiyo debe lililala uani, juu yake tofali.

*

Mwezi wa Julai, Mwalimu alinichukua kwenda kuona. Ilikuwa Jumamosi. Tulipanda basi la KBS, tukavuka daraja la Nyali nikiwa nimelipakata debe, abiria wa pembeni akilitazama kwa jicho la wasiwasi kila lilipokwaruza. Maabara ilikuwa na meza ndefu nyeusi na harufu tamu ya kuumiza kichwa. Baadaye nilijua ni klorofomu. Wanafunzi walikuwa wanaume wenye ndevu. Kila mmoja alikuwa na sinia la bati lililomiminiwa nta, na pini, na makasi madogo, na penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano.

Nimewaona vyura wengi wakiwa hai, na nilidhani nawajua. Aliyefunguliwa mbele yangu sikumjua. Ndani alikuwa safi, wa rangi nzuri, vitu vimekunjwa mahali pake kama nguo kwenye sanduku la bibi harusi. Na katikati, moyo ulikuwa unadunda.

"Hajafa!" nilisema, na wenye ndevu wakacheka.

"Amekufa," Mwalimu alisema. "Moyo wake haungoji amri ya ubongo. Una mdundo wa kwake wenyewe, utakwenda mpaka uchoke."

Nilisimama nikahesabu. Nilifika mia mbili na kitu, nikapotea, nikaanza upya. Chura huyo nilimjua; alikuwa na doa mgongoni na nilimtoa chini ya mtungi wetu. Nilimuuza shilingi.

Pale mezani kulitokea jambo jingine ambalo sikulielewa uzito wake mpaka nikawa mtu mzima. Mwanafunzi mmoja aliharakisha, akakata mshipa mkubwa, damu ikafunika kila kitu, akaja kuomba chura mwingine. Debeni walikuwa wamebaki watatu. Mwalimu alitazama sinia lake.

"Chora hicho ulichoharibu," alimwambia.

"Lakini hakuna kinachoonekana, Bwana Mwalimu."

"Basi chora kisichoonekana. Huyu hafi mara mbili, na mwingine hafi kwa ajili ya haraka yako."

Akafungua daftari, akaandika tarehe, dume, jina la kijana. Kwenye safu ya mwisho aliandika: "Subira."

Ningependa kusema kwamba nilirudi Mishomoroni nikaacha kuuza. Sikuacha. Nilirudi kimya, nikakosa hamu ya kula usiku mmoja, na mvua za vuli zilipokuja nilikuwa shimoni na tochi kama kawaida. Kulikuwa na viatu vya mpira nilivyovitaka katika duka moja la Kongowea, na havikununuliwa kwa huzuni.

*

Mbwa aliniuma mwaka wa 1988, baada ya Idi, kwenye kijia cha kwenda Bakarani. Hakuwa mbwa wa mtu. Alitoka kwenye mihogo akiyumba, mdomo unatoka mate, akanishika muundi wa mguu wa kulia na kuniachia bila hata kubweka, kama aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Vijana wa mangwe walimuua kabla ya kufika barabarani.

Bibi alikuwa na dawa yake ya kuumwa na mbwa, ambayo ilihusu pilipili, na alikuwa ameshaanza kutwanga. Mwalimu aliingia uani mbio. Sijapata kumwona akimkatiza Bibi ila siku ile. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaniweka mguu chini ya kata ya maji, akaosha na kusugua, akaosha tena, huku akiitazama saa yake, robo saa nzima, nami nikipiga kelele. Kisha akaniomba debe.

"La nini?"

"La kichwa cha mbwa," alisema.

Hakuna mwingine aliyekubali kumgusa. Alikwenda na panga la mgema na mifuko ya plastiki mikononi, akarudi na debe limefungwa kamba, akalipeleka mwenyewe ofisi ya mifugo, maana kichaa cha mbwa hupimwa kwenye ubongo wa mbwa mwenyewe. Jibu lilikuja: alikuwa nacho. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaanza sindano.

Sindano 14, za tumbo. Kizazi changu kinazijua, na wasiozijua wamezisikia. Kila asubuhi basi, daraja, foleni, kitanda cha mpira, na muuguzi anayetafuta mahali ambapo hapajavimba, akizunguka kitovu kama mtu anayepanda mbegu. Siku ya tisa dawa ilikosekana, tukaambiwa tukanunue duka la mjini. Bibi alitoa bangili. Usiku nililala chali, na kwa kuwa sikuweza kwenda shimoni, Mwalimu alikuja kukaa mlangoni kwa stuli yake na kunisimulia habari za kilichokuwa tumboni mwangu.

Alinipa kisa cha Joseph Meister, mtoto wa Kifaransa wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa Julai 1885 akapelekwa Paris kwa Louis Pasteur. Pasteur hakuwa daktari wa watu, hata sindano hakushika mwenyewe. Alichokuwa nacho ni sungura. Yeye na mwenziwe Émile Roux walikuwa wakiwatia sungura ugonjwa ule, mmoja baada ya mwingine, na sungura akifa walimtoa ugwe wa uti wa mgongo wakautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kadiri ulivyokauka ndivyo ukali wa ugonjwa ulivyopungua. Mtoto alidungwa kwanza ule uliokauka sana, kesho yake uliokauka pungufu ya hapo, mpaka akafika kwenye mbichi. Sindano 13, za tumbo. Akapona. Alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa taasisi ya Pasteur yenyewe.

"Na hii yangu?" niliuliza.

Chanjo za tumbo za miaka ile ya nyuma, alinieleza, zilitoka kwa daktari aitwaye David Semple, aliyezitengeneza mwaka wa 1911 India, kwenye mji wa mlimani uitwao Kasauli. Nilidhani amesema Kisauni. Tulicheka, na kucheka kuliniuma. Semple alitumia ubongo wa sungura, na waliomfuata wakatumia wa kondoo, wakauua ugonjwa uliomo kwa asidi ya kaboliki. Ilikuwa rahisi kutengeneza, ndiyo maana nchi maskini zilikaa nayo kwa miongo mingi, na ilikuwa na hatari yake, kwa sababu mwili hauupendi ubongo wa mwingine. Wako waliopooza kwa chanjo badala ya ugonjwa. Hilo la mwisho hakuniambia mlangoni pale. Nililisoma mwenyewe baadaye, na nikamshukuru kwa kunyamaza.

Bibi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Nilijua anasikiliza kwa sababu sauti ya ungo ilikoma.

"Sungura wangapi?" aliuliza.

"Mama?"

"Hao wa Mfaransa. Na hao kondoo. Walikuwa wangapi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Mtu huyu aliyeandika kila chura wa Mishomoroni kwa tarehe na jinsia, nilimwona akikosa nambari.

"Wengi, Mama."

"Wewe mwenye daftari," Bibi alisema, "wengi ndiyo hesabu gani?"

Ungo ukaanza tena. Baada ya siku ya 14, Bibi alichinja kuku, akapika biriani akawalisha watoto wa chuo, na Maalim akasoma dua. Nilidhani ni shukrani ya kupona kwangu. Shangazi ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye, kwamba alipoulizwa sadaka ni ya nani Bibi alijibu: "Ya sungura." Maalim alisita kidogo, akaomba.

*

Niliishia kuwa fundi wa maabara. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi Nairobi, nikiwalisha na kuwasafishia panya weupe wenye macho mekundu, kila kizimba na kadi yake: tarehe, dume au jike, jina la mtafiti. Safu ya nne haikuwepo. Nilijifunza kwamba sheria yetu, ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka mtu awe na leseni kabla hajafanya jaribio juu ya mnyama. Nilijifunza habari za Waingereza wawili, Russell na Burch, walioandika mwaka wa 1959 kwamba mtafiti ana mambo matatu ya kujiuliza: je, naweza kumbadili mnyama huyu kwa kitu kingine, kama siwezi, naweza kupunguza idadi, na hao watakaobaki, naweza kuwapunguzia maumivu? Nilipofika kwenye la kupunguza nilimwona Mwalimu amesimama juu ya sinia lililoharibika.

Nilitembelea pia taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka wa 1960, ambayo sasa iko Karen, kando ya msitu wa Oloolua. Nyani wana thamani huko kwa sababu kichocho huwashika karibu kama kinavyomshika mtu. Mmoja alinitazama muda mrefu kupitia wavu, mikono ameikunja kama wazee wa barazani wanaongoja kahawa. Nilitoka nje kabla ya wenzangu. Sina hakika kama ningeandika tofauti na hivi lau ningebaki.

Mwaka wa 2011 mwanangu aliumwa na mbwa Bamburi. Nilimwosha kwa sabuni, robo saa, nikitazama saa. Sindano zilikuwa tano, za begani, na baada ya ile ya kwanza aliomba aiskrimu. Niliichukua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa nikaisoma pale pale kwenye benchi: chanjo imeoteshwa katika seli za Vero. Seli hizo zilitoka kwenye figo la tumbiri mmoja, mmoja tu, huko Chiba, Japani, mwaka wa 1962, na tangu hapo zimekuwa zikigawanyika bila kukoma katika maabara za dunia nzima. Jina lake ni la Kiesperanto, ufupisho wa "figo la kijani", na lenyewe, kwa lugha hiyo, lina maana ya ukweli. Kabla seli za aina hiyo hazijaenea, wenye kutafuta chanjo ya polio walikuwa wakiagiza tumbiri kwa makreti ili kuchukua mafigo yao. Mwaka wa 1967 tumbiri waliotoka Uganda walifika Ujerumani na Yugoslavia na ugonjwa usiojulikana. Watu 31 waliugua, saba wakafa, na mji wa Marburg ukaupa ugonjwa jina lake.

Hapo penye benchi niliwakumbuka tumbiri wa Mishomoroni, waliokuwa wakishuka kwenye miembe alfajiri kuiba mahindi ya Bibi, nasi tukiwafukuza kwa manati. Nambari niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa moja. Laiti Bibi angaliisikia.

*

Lakini kabla ya yote hayo, kidato cha tano na cha sita vilikuwa vinafutwa. Mtihani wa mwisho wa KACE ulifanywa mwaka wa 1989, na Mwalimu akapata uhamisho wa kurudi kwao bara. Hakutuambia mapema. Mimi, nikiwa sina habari, nilileta mzigo wa mwisho usiku mmoja wa mvua za vuli: saba, wote wakubwa, debe jipya.

Chumba chake kilikuwa kimefungwa mizigo. Godoro limekunjwa, suruali mbili za kijivu ndani ya sanduku. Daftari lilikuwa juu ya meza kwa sababu lilikuwa kubwa mno kwa sanduku.

"Sina wanafunzi tena," alisema. Kisha akahesabu debeni, akaingia mfukoni, akanipa shilingi saba.

"Na hawa?"

"Nimewanunua. Ni haki yao kuandikwa."

Alipiga tarehe. Akawageuza mmoja mmoja kwenye mwanga wa chemni: majike watano, madume wawili. Kwenye safu ya mwanafunzi aliandika jina langu, mara saba, kwa mwandiko ule ule wa rula. Alipofika safu ya mwisho alinigeuzia daftari na kalamu.

Nilifikiri sana. Mvua ilikuwa imepamba moto juu ya makuti, na kule shimoni wenzao walikuwa wakipiga kelele. Mwishowe niliandika neno moja, nikavuta mstari wa kushuka chini hadi wa saba: "Wamerudi."

Tulitoka uani sote wawili, nikalalaza debe ubavu karibu na kisima. Hawakutoka. Bibi alikuja na taa kuona tunafanya nini kwenye mvua, akasimama nasi. Wa kwanza alitoka taratibu, akakaa pale pale kwenye saruji, mvua ikimpiga mgongoni, koo likipanda na kushuka. Wa pili akaja akakaa pembeni yake.

"Haya, waambie waende kwao," Bibi alisema.

"Hapa ndipo kwao, Bibi. Huyu nimemtoa chini ya mtungi."

Alishusha taa akamtazama. Asubuhi nilipokwenda choo nilimkuta mahali pake, na mtu alikuwa amemsogezea mtungi kidogo, ili apate nafasi.